Kishikwambi cha kwanza: Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KATIKA Bonde la Kilombero fedha huingia kwa msimu. Mpunga unapovunwa na kuuzwa, ndipo ada hulipwa, mabati hununuliwa na vitu vilivyosubiri mwaka mzima hupatikana. Siku hizi, katika orodha ya vitu hivyo kimo pia kishikwambi, kompyuta bapa inayotumiwa kwa kugusa kioo.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyeuziwa kifaa kibovu anaweza kurudi Kariakoo kesho yake kudai haki. Mkazi wa Ifakara yuko umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, na wa Mlimba au Malinyi yuko mbali zaidi. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi na siku za kazi zinazopotea vinaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya kifaa chenyewe. Kwa kaya inayoshika fedha nyingi mara moja kwa mwaka, kishikwambi kibovu ni sehemu ya mavuno iliyopotea.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza anapaswa kuyafahamu kuhusu kifaa chenyewe, vifaa vinavyoambatana nacho na ukaguzi wa kufanya akiwa bado dukani.

Kilikotoka

Wazo la kompyuta ya kushika mkononi kama daftari ni la zamani. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Alan Kay, alieleza kifaa alichokiita Dynabook, kilichokusudiwa watoto, ingawa hakikuwahi kutengenezwa kama alivyokifikiria. Mwaka 2002 Microsoft ilijaribu kuingiza sokoni kompyuta za aina hiyo zilizotumia kalamu, lakini zilikuwa nzito na ghali. Soko lilifunguka mwaka 2010, kampuni ya Apple ilipotoa iPad, na mwaka huohuo Samsung ikafuata na Galaxy Tab inayotumia mfumo wa Android.

Nchini Tanzania, jina la kishikwambi lilienea zaidi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Hiyo ilikuwa sensa ya kwanza nchini ambayo makarani walijaza taarifa kwenye vifaa hivyo badala ya madodoso ya karatasi, na ilihesabu watu 61,741,120. Baada ya kazi hiyo, Serikali ilianza kuvigawa vishikwambi kwa walimu mwishoni mwa mwaka 2022.

Mkoa wa Morogoro una mfano mwingine, wa sekta ya afya. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022 ulifanyika utafiti katika vituo 40 vya huduma ya msingi vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwa miongoni mwa washiriki. Katika nusu ya vituo hivyo, watoa huduma waliongozwa na programu iliyowekwa kwenye kishikwambi walipokuwa wakimpima mtoto mgonjwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine yalionesha kuwa katika vituo hivyo watoto waliandikiwa antibiotiki kwa asilimia 23.2 ya mahudhurio, ikilinganishwa na asilimia 70.1 katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida. Idadi ya watoto ambao hawakupona haikuongezeka.

Kilicholeta tofauti hiyo ni programu iliyobuniwa kwa kazi mahsusi, pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Bila mambo hayo mawili, kishikwambi hubaki kuwa simu kubwa isiyoingia mfukoni.

Kazi kwanza, kifaa baadaye

Swali la kwanza, kabla ya bei, ni kazi ambayo kifaa kitafanya.

Kwa mwanafunzi na mwalimu, kishikwambi hufaa hasa kwa kusoma. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na ukurasa wa kitabu husomeka vizuri zaidi kwenye kioo kipana kuliko kwenye simu. Hata hivyo, shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuingia na kifaa cha aina hii. Mzazi aulize shuleni kwanza, na afahamu kwamba huenda kitatumika nyumbani na wakati wa likizo tu.

Kwa mfanyabiashara wa mchele au mwenye duka, kishikwambi hufaa kutunza hesabu, kupokea oda na kuonesha picha za bidhaa. Kwa anayeandika ripoti ndefu au anayetumia majedwali makubwa ya hesabu kila siku, kompyuta mpakato, hata iliyotumika, inaweza kuwa chaguo bora. Na kwa anayetaka mitandao ya kijamii, kupiga simu na kutuma fedha pekee, simu nzuri inatosha. Hana sababu ya kununua kifaa cha pili.

Vipimo vinne vya kuangalia

Kipimo cha kwanza ni ukubwa wa kioo, unaopimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Kishikwambi cha inchi 8 hushikika kwa mkono mmoja, lakini ukurasa wa kitabu hulazimu kukuzwa na kusogezwa kila mara. Cha inchi 10 au 11 huonesha ukurasa mzima kwa maandishi yanayosomeka. Mwanafunzi na mwalimu watafute cha inchi 10 au zaidi, lakini anayezunguka kwa pikipiki kukusanya taarifa vijijini atapata nafuu kwenye kidogo.

Kipimo cha pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, inayojulikana kama RAM. Kwa matumizi ya sasa, gigabaiti 4 ni kiwango cha chini kinachovumilika. Chini ya hapo kifaa huanza kukwama programu zinapoongezeka, hata kama siku ya kwanza dukani kilionekana chepesi.

Kipimo cha tatu ni nafasi ya kuhifadhi. Gigabaiti 64 zinatosha kuanzia, ingawa sehemu ya nafasi hiyo huchukuliwa na mfumo wenyewe. Vishikwambi vingi vya Android vina tundu la kadi ya kumbukumbu, hivyo nafasi inaweza kuongezwa. iPad haina tundu hilo; nafasi iliyonunuliwa siku ya kwanza ndiyo itakayobaki hadi mwisho.

Kipimo cha nne ni umri wa mfumo. Kifaa kinaweza kuwa kipya katika boksi lake huku mfumo wake ukiwa wa miaka mingi iliyopita. Kadiri mfumo unavyozeeka, programu za benki na nyinginezo muhimu hukataa kufanya kazi. Mnunuzi afungue sehemu ya mipangilio, atazame toleo la mfumo na tarehe ya mwisho ya maboresho ya usalama. Tarehe ikiwa ya zaidi ya miaka miwili iliyopita, kifaa hicho kina maisha mafupi.

Laini au Wi-Fi?

Vishikwambi vya muundo mmoja mara nyingi huuzwa kwa aina mbili: chenye tundu la laini ya simu na kinachotumia Wi-Fi pekee. Cha pili huwa na bei nafuu, na hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza. Nyumbani kusiko na Wi-Fi, kifaa hicho hutegemea intaneti ya simu kila kinapotumika, na betri ya simu huisha mapema.

Kuna tofauti nyingine isiyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS. Anayekusudia kupima mipaka ya mashamba au kuchukua alama za mahali katika utafiti anahitaji ya laini.

Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la nchi nyingine huenda kisishike masafa yote ya mitandao ya hapa. Njia ya uhakika ni kuweka laini ya mtandao unaoshika vizuri kijijini kwa mnunuzi, kuzima Wi-Fi na kufungua ukurasa wa intaneti mbele ya muuzaji. Mtandao unaoshika vizuri Ifakara mjini si lazima uwe huohuo unaoshika Mang'ula au Lupiro.

Gharama ya bando nayo ihesabiwe mapema. Video ya ubora wa kawaida hutumia takriban nusu gigabaiti au zaidi kwa saa moja, na ya ubora wa juu hutumia mara mbili au zaidi ya hapo. Maboresho ya mfumo nayo yanaweza kuzidi gigabaiti moja kwa mara moja. Inashauriwa kuzuia maboresho ya moja kwa moja yasitumie laini, na kuyapakua mahali penye Wi-Fi.

Umeme na joto

Mito ya eneo hili inaendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na Kihansi, megawati 180. Hata hivyo, wapo wakazi wa bonde wasiofikiwa na gridi, na waliofikiwa hukutana na katizo. Uwezo wa betri kwa hiyo una uzito uleule wa RAM.

Uwezo huo huandikwa kwa miliampea-saa, kwa kifupi mAh. Kwa mfano, Samsung Galaxy Tab A9 iliyotolewa mwaka 2023 ina betri ya mAh 5,100, na nduguye mkubwa, Tab A9+, ana mAh 7,040.

Wengi hudhani pawabenki ya mAh 10,000 itajaza betri ya mAh 5,000 mara mbili kamili. Haiwi hivyo. Umeme wa pawabenki hutoka kwenye seli za volti 3.7, hupandishwa hadi volti 5 na kushushwa tena ndani ya kifaa, na katika kila hatua sehemu yake hupotea kama joto. Pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37, na zinazofika kwenye kifaa ni kati ya 26 na 30. Betri ya mAh 7,040 huhitaji takriban wati-saa 27. Kwa hiyo pawabenki hiyo hujaza kishikwambi kikubwa mara moja tu.

Kwa asiye na gridi, paneli ya jua ya wati 20 ikipata saa 4 za jua kali huzalisha, kwa hesabu ya karatasini, wati-saa 80. Hata ikitoa nusu yake kwa sababu ya mawingu, vumbi na joto, inatosha kujaza kishikwambi kimoja kwa siku. Paneli isiunganishwe moja kwa moja na kifaa. Lazima pawepo kidhibiti chaji chenye tundu la USB, kwa kuwa volti ya paneli hupanda na kushuka.

Mfano wa nguvu ya jua upo nchini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwaka 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga. Vilikuwa aina ya Pixel C kutoka Google, na vilichajiwa kwa vituo vya umeme wa jua vilivyojengwa vijijini. Waandaaji walifahamu kwamba bila chanzo cha umeme, masomo yaliyomo yasingemfikia mtoto yeyote.

Joto ni adui mwingine. Apple hushauri iPad itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho Ifakara hukikaribia katika miezi ya joto hata kivulini. Kifaa kisiachwe juani, ndani ya gari lililofungwa au chini ya mto kikiwa kwenye chaji.

Vifaa vya ziada kwa mpangilio wa umuhimu

Mwenye fedha za kutosha hununua kila kitu siku moja. Mwenye fedha za kubana aanze na vya lazima.

Cha kwanza ni kava lenye kingo za mpira. Vishikwambi vingi hufa kwa kuanguka, na kioo cha kishikwambi ni ghali na mara nyingi huagizwa kutoka mbali. Kava liwe la muundo uleule wa kifaa. Lililokadiriwa kwa macho huziba kamera au tundu la chaji.

Cha pili ni kioo cha kinga, maarufu kama protekta. Kibandikwe na fundi mahali pasipo na vumbi.

Cha tatu ni chaja na waya bora. Chaja dhaifu huchukua usiku mzima, na ya bandia huweza kuunguza kifaa au nyumba. Iwe na pini tatu za soketi za hapa. Vishikwambi vingi vipya hutumia tundu la USB-C. iPad za kawaida zilihamia huko kuanzia toleo la mwaka 2022, hivyo anayenunua ya zamani aulize kama waya wake bado unapatikana madukani.

Cha nne ni pawabenki. Atazame maandishi madogo yanayotaja uwezo halisi kwa volti 5, ambao ya mAh 10,000 huwa karibu 6,000. Uzito pia husema ukweli: pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 huwa na gramu 300 au zaidi. Iliyo nyepesi kama boksi tupu ina seli chache.

Kadi ya kumbukumbu hufuata, kwa anayehifadhi video na vitabu. Kadi zinazotangazwa kuwa na terabaiti moja kwa bei ya soda kadhaa ni za bandia. Hupokea mafaili mwanzoni, kisha huyaharibu nafasi ya kweli inapojaa. Kibodi, kalamu na spika za masikioni vinaweza kusubiri msimu mwingine.

Mitego ya sokoni

Mtego mkubwa ni vishikwambi vya bandia vyenye maandishi makubwa: RAM gigabaiti 16, hifadhi gigabaiti 512, kwa bei ndogo kuliko ya kifaa halisi cha gigabaiti 64. Programu ya ndani huwa imechezewa ili ioneshe namba hizo.

Kwa chenye laini, hatua ya kwanza ni kubonyeza *#06# ili namba ya IMEI ionekane. Namba hiyo ilingane na iliyo kwenye boksi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipokuwa ikijiandaa kuzima vifaa bandia, kazi iliyotekelezwa Juni 17 ya mwaka huo, iliwaelekeza wananchi kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kupata majibu kama kifaa ni halisi.

Kwa kilichotumika, hatari iko kwenye kufuli la akaunti. Vifaa vya Apple na vya Android hubaki vimefungwa kwa akaunti ya mwenye navyo hata vikifutwa. Muuzaji aondoe akaunti yake na kukifuta kifaa mbele ya mnunuzi, kisha mnunuzi akiwashe upya. Kikidai nenosiri la mtu mwingine, biashara iishie hapo.

Vishikwambi vilivyogawiwa kwa walimu baada ya sensa ni mali ya Serikali. Anayeuziwa kimoja mtaani kwa bei ya kutupa hununua mali isiyo ya muuzaji, na anaweza kujikuta akijieleza polisi.

Kuhusu bei, wapo wanaokumbuka msamaha wa kodi. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa simu janja, vishikwambi na modemu, lakini msamaha huo uliondolewa mwaka uliofuata baada ya kuonekana kwamba bei kwa mlaji hazikushuka. Muuzaji anayedai kuwa bei yake ni ndogo kwa sababu ya msamaha huo anasema jambo lisilokuwepo.

Kwa wanaonunua kwa mkopo, vifaa vingi vya aina hiyo huwekewa programu inayovifunga malipo yakichelewa. Mkulima apige hesabu ya jumla atakayolipa hadi mwisho, kisha ajiulize atalipaje marejesho ya kila siku au ya kila wiki katika miezi ambayo mpunga bado uko shambani.

Dakika 20 dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye haya:

1. Afungue boksi mwenyewe na kulinganisha jina la kifaa na namba zake.
2. Aguse kila sehemu ya kioo kwa kuburuta alama ya programu kutoka kona hadi kona.
3. Aweke laini yake na kufungua intaneti.
4. Ajaribu kamera zote, spika na kinasa sauti kwa kurekodi video fupi.
5. Achomeke chaja kwa dakika 10 na kuona kama asilimia inapanda bila kifaa kuwa cha moto.
6. Atazame nafasi ya kuhifadhi na toleo la mfumo.
7. Adai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la kifaa, na maandishi ya dhamana yanayotaja muda na mahali pa kupeleka kikiharibika.

Jambo la mwisho lina uzito kwa wakazi wa bonde. Dhamana ya mwaka mmoja inayotekelezwa Dar es Salaam pekee inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko ya miezi sita kwa muuzaji aliyeko Ifakara au Morogoro. Boksi na risiti vihifadhiwe mahali pakavu. Mafuriko yaliyoikumba Ifakara mwaka 2024 yalikumbusha kwamba vitu vya thamani havikai sakafuni.

Baada ya kufika nyumbani

Kifaa kiwekewe namba ya siri siku hiyohiyo, na IMEI iandikwe kwenye daftari, kwa kuwa itahitajika kikiibwa. Android ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, hivyo asiyezoea Kiingereza anaweza kuibadilisha. Kikitumiwa na watoto, mzazi anaweza kuweka programu ya Family Link ya Google, inayopanga saa za matumizi na kuzuia programu zisizofaa.

Betri hudumu zaidi isipoachwa ifike sifuri mara kwa mara wala kukaa kwenye chaji siku nzima. Kati ya asilimia 20 na 80 ni eneo zuri. Betri ikianza kuvimba na kuinua kioo, kifaa kizimwe, kisichajiwe wala kutobolewa, na kipelekwe kwa fundi.

Kishikwambi cha wastani kilichokaguliwa na kutunzwa hivi kinaweza kumtumikia mwenye nacho misimu minne au mitano ya mpunga. Kilichonunuliwa kwa haraka, kwa namba kubwa za kwenye boksi, kinaweza kisifike msimu unaofuata.